Wahandisi wa jeshi katika vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865: walifanya nini, na kwa nini Lee hakutosha?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi ujenzi, mwaka wa tatu. Wenzangu wanasema majenerali wengi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani walikuwa wahandisi, akiwemo Robert E. Lee wa Kusini. Naomba kujua wahandisi walikuwa na kazi gani hasa katika vita vile, ukiacha kuchimba mahandaki. Na kama Kusini ilikuwa na mhandisi bingwa kama Lee, ilishindwaje?

Jibu: Marahaba. Wenzako hawakukosea. Chuo cha kijeshi cha West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802, kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa shule kuu ya uhandisi nchini Marekani, na waliofaulu vizuri zaidi ndio waliopelekwa Kikosi cha Wahandisi. Lee alimaliza wa pili darasani mwaka 1829. Beauregard, aliyeongoza mashambulizi ya Wakusini dhidi ya ngome ya Sumter, alikuwa wa pili mwaka 1838. McClellan wa Kaskazini naye alikuwa wa pili, mwaka 1846. Meade, aliyemshinda Lee pale Gettysburg, alikuwa ametumia miaka yake ya amani kupima Maziwa Makuu ya Marekani na kujenga minara ya kuongozea meli.

Kwa hiyo vyeti vilikuwepo pande zote mbili. Ukiitafuta tofauti kwa maofisa hutaiona. Iko chini yao, kwa waliokuwa wameshika shoka, msumeno na sururu, na katika suala la nani alikuwa tayari kumfanyia nani kazi.

Mwaka 1861 jeshi la Marekani lilikuwa na vikosi viwili vya maofisa wa aina hii, cha wahandisi na cha wapima ardhi (viliunganishwa Machi 1863). Maofisa wa vikosi vyote viwili hawakufika 100, na baadhi yao waliondoka kwenda Kusini. Askari wa uhandisi, yaani wale wanaoingia mtoni na kubeba boriti, walikuwa kombania moja tu. Ukilinganisha na majeshi ya mamia ya maelfu yaliyokuja kupigana, hao ni tone baharini. Pengo lilizibwa na rejimenti za kujitolea, kama ile ya 15 na ya 50 za New York na ile ya mafundi wa Michigan. Humo ungewakuta maseremala, wahunzi, mafundi wa reli, wakata magogo na waunda mashua, watu ambao kazi ya jeshi kwao ilikuwa ileile ya nyumbani, isipokuwa hapa walipigwa risasi.

Nianze na kisa kinachomhusu Lee mwenyewe, kwa sababu wewe ni mtu wa ujenzi na kitakufaa. Lee alipomaliza chuo alipelekwa kisiwa cha Cockspur, kwenye mdomo wa mto Savannah huko Georgia, kusimamia mitaro na kingo za kuzuia maji kabla ya ujenzi wa ngome iliyokuja kuitwa Pulaski. Ilichukua hadi 1847 kumalizika, na kuta zake za matofali zilikuwa na unene wa futi saba na nusu, zaidi ya mita mbili. Mkuu wa wahandisi wa Marekani, Totten, aliamini kuipiga mizinga ngome ile ni sawa na kuipiga milima ya Rocky. Vita vilipoanza Wakusini waliishika, na Lee, sasa jenerali wao, alikuja kuikagua. Akamhakikishia kamanda wa pale kwamba mizinga ya adui kutoka kisiwa cha Tybee, kama maili moja ng'ambo, ingewasumbua lakini isingeweza kuvunja ukuta.

Kwa hesabu za mizinga ya zamani, yenye mtutu laini, Lee alikuwa sahihi kabisa. Lakini Quincy Gillmore, mhandisi wa Kaskazini, aliamini mizinga mipya yenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu, inayolizungusha kombora na kulifanya lipenye, ingefanya kazi tofauti. Watu wake walijenga vituo 11 vya mizinga pale Tybee, wakifanya kazi usiku katika tope la kinamasi, amri zikitolewa kwa filimbi ili sauti zisivuke maji. Kulisogeza zinga moja kubwa watu 250 walitosha kwa taabu. Walianza kufyatua asubuhi ya tarehe 10 Aprili 1862. Kesho yake ukuta wa kona moja ulikuwa wazi, makombora yakipita kwenye tundu lile kuelekea ghala la baruti upande wa pili, na kamanda akapandisha bendera nyeupe. Yote hayo ni kama saa 30. Tangu hapo hakuna mhandisi mwenye akili timamu aliyeiamini tena ngome ya matofali. Udongo na mchanga ndivyo vilivyotawala, kwa kuwa vinalimeza kombora badala ya kupasuka, na vikibomolewa mchana vinajazwa upya usiku kwa mabeleshi. Mji wa Washington wenyewe ulizungushiwa ngome 68 za namna hiyo chini ya mhandisi John Barnard, na Julai 1864, Jenerali Early wa Kusini alipofika kwenye viunga vya mji, aliziangalia, akapima nguvu zake, akarudi alikotoka.

Kazi ya pili ni madaraja, nayo ndiyo iliyoua wahandisi wengi wakiwa hawana silaha mkononi. Daraja la mashua hujengwa hivi: mashua ya mbao, yenye urefu wa futi 31 hivi, inashushwa majini na kutiwa nanga upande mto unakotoka, inafuata ya pili, zinaunganishwa kwa boriti, juu ya boriti zinatandikwa mbao, kingo zinafungwa kwa kamba, kisha ya tatu, na kuendelea mpaka ng'ambo. Kila mashua inayoongezwa inamsogeza fundi karibu na adui, naye mikono yote miwili ina kazi.

Pale Fredericksburg, Virginia, mwishoni mwa 1862, jeshi la Burnside, jenerali wa Kaskazini, lilifika kando ya mto Rappahannock tarehe 17 Novemba, likakuta Wakusini wachache tu ng'ambo. Mashua hazikuwepo. Amri zilizagaa kati ya ofisi na ofisi, wanyama wa kukokota walipungua, barabara zikageuka tope, na mashua zikaja karibu wiki nzima baadaye. Kufikia hapo Lee alikuwa ameshajaza vilima vyote nyuma ya mji. Alfajiri ya 11 Desemba rejimenti ya 50 ya New York ilianza kutandika daraja katika ukungu. Walipopita katikati ya mto, askari wa Mississippi waliojificha kwenye nyumba za ukingoni wakawafyatulia. Wakarudi, wakaingia tena, wakarudi tena, mara kadhaa. Mizinga karibu 150 ya Kaskazini iliupiga mji lakini wale wadunguaji walibaki kwenye vyumba vya chini. Mwishowe askari wa miguu wa Michigan na Massachusetts walipanda zile mashua, wakapiga makasia hadi ng'ambo na kuwafukuza nyumba kwa nyumba. Daraja likaisha. Siku mbili baadaye jeshi lililolivuka lilipeleka watu kupanda vilima vile na kupoteza zaidi ya 12,000 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliotoweka. Mimi nalaumu wiki ile moja ya kungoja mashua kuliko ninavyolaumu shambulio lenyewe.

Mwaka na nusu baadaye somo lilikuwa limeeleweka. Alasiri ya 14 Juni 1864, kwenye mto James, wahandisi wa Kaskazini walianza daraja la mashua 101, lenye urefu wa zaidi ya futi 2,000, katika maji yanayopanda na kushuka na bahari, likishikiliwa katikati na majahazi yaliyotiwa nanga. Kufikia usiku wa manane lilikuwa tayari. Jeshi la Grant, jenerali mkuu wa Kaskazini, lenye mizinga, mikokoteni na ng'ombe wa kuchinjwa lilipita juu yake kuelekea mji wa Petersburg, Virginia, na kwa siku kadhaa Lee hakujua kwa hakika limeelekea wapi.

Kuhusu reli nitakutajia mtu mmoja, Herman Haupt. Alikuwa wa West Point, lakini maisha yake yalikuwa ya kujenga reli za kiraia. Mwezi Mei 1862 alipewa askari wasiojua ujenzi, wengine wagonjwa, mvua ikinyesha, akaambiwa arudishe daraja la reli juu ya kijito cha Potomac. Alikata magogo mabichi msituni, akayasimamisha na maganda yake, na katika muda usiofika wiki mbili treni zikawa zinapita kwenye daraja la futi 400 hivi kwa urefu na karibu 80 kwa kimo. Rais Lincoln alipoliona alirudi akiwaambia watu kwamba, kwa maneno yake, hakuna kitu mle ndani zaidi ya vijiti vya kupandia maharage na mabua ya mahindi. Watu wa Haupt na waliomrithi waliifanya kazi hiyo kuwa ya kawaida. Mwaka 1864, jeshi la Jenerali Sherman wa Kaskazini likielekea Atlanta kwa kutegemea reli moja tu, daraja la mto Chattahoochee, karibu futi 800, lilijengwa upya kwa siku nne na nusu. Wakusini walikuwa hodari sana wa kuchoma madaraja. Tatizo lao ni kwamba yalirudi haraka kuliko walivyoweza kuyachoma, na ya kwao yakichomwa hayakurudi, maana viwanda vya kutoa chuma cha reli vilikuwa Kaskazini.

Sasa Vicksburg, mji wa Mississippi uliozingirwa na Grant kuanzia 18 Mei hadi 4 Julai 1863. Hapa uhaba wa wahandisi ulikuwa mkubwa mpaka Grant akaamuru kila ofisa aliyesoma West Point, hata kama kazi yake ya sasa ni nyingine, asimamie uchimbaji. Mitaro ilisogezwa kuelekea ngome za mji kwa mwendo wa konokono. Mbele ya wachimbaji kulikuwa na tenga kubwa mno, limejazwa vitu vizito, linalobingirishwa ili likinge risasi, na pembeni yalipangwa matenga yasiyo na kitako yaliyojazwa udongo. Grant alisimulia baadaye kwamba mkuu wake wa ugavi wa chakula, mtu mnene, aliomba asamehewe, akisema katika uhandisi hafai kwa lolote labda atumike kama tenga la kubingirisha. Akasamehewa: askari wanaochimba nao wanakula.

Vifaa vya kitaalamu vilipokosekana, askari walibuni. Walitoboa magogo ya mti mgumu, wakayafunga kwa pete za chuma, wakapata mizinga midogo ya kurushia makombora ndani ya mahandaki ya karibu. Mbele ya mtaro mmoja walisukuma behewa la reli lililosheheni marobota ya pamba kuwa ngao. Wakusini wakazifunga risasi zao kwa pamba iliyolowekwa mafuta ya tapentaini na kulichoma moto. Chini ya ngome moja, wanajeshi waliokuwa wachimba migodi walitoboa njia na kuingiza ratili 2,200 za baruti, zikalipuliwa tarehe 25 Juni. Shimo lilipatikana, ushindi haukupatikana, kwani Wakusini walisikia sururu na walikuwa wamejenga ukuta mwingine nyuma. Mji ulianguka kwa njaa. Lakini njaa haiji bila mitaro ya kuufunga mji.

Kisa ambacho pengine umekisikia ni kile cha shimo la Petersburg, na nitakaa nacho kidogo kwa sababu kinaonyesha uhandisi unapoishia. Luteni Kanali Henry Pleasants, mhandisi wa migodi, aliongoza rejimenti ya 48 ya Pennsylvania, yenye wachimba makaa ya mawe wengi. Mbele yao, kama futi 400, kulikuwa na ngome ya Wakusini. Pleasants akapendekeza kuchimba njia chini yake. Mhandisi mkuu wa jeshi alisema haiwezekani, kwa kuwa njia ndefu kiasi hicho isingepata hewa, na vifaa hakupewa. Wachimbaji wakatoa udongo kwa makasha ya biskuti waliyoyatia mipini, wakapata mbao za kuegemeza paa kwa kubomoa huku na huku, na kifaa cha kupimia pembe, cha zamani, kikaletwa kutoka Washington. Hewa? Walichimba tundu la kwenda juu karibu na mlango wa njia, wakawasha moto chini yake. Hewa chafu ikavutwa na moto kwenda juu, na hewa safi ikaingia kutoka nje kupitia mfereji wa mbao uliofika hadi mwisho wa njia. Mlango ulizibwa kwa turubai. Ni fizikia ya jiko la mkaa, nayo iliwahudumia kwa futi 511.

Ratili 8,000 za baruti zikaingizwa. Alfajiri ya 30 Julai 1864 utambi uliwashwa, na hakuna kilichotokea. Utambi walioletewa ulikuwa vipande vifupi vilivyoungwa, ukazimika kwenye kiungo. Sajini Harry Reese na Luteni Jacob Douty waliingia ndani, wakauunga tena, wakauwasha na kutoka mbio. Saa 10 na dakika 44 alfajiri ngome ile iliruka angani na karibu Wakusini 280 waliuawa au kujeruhiwa kwa mlipuko.

Kazi ya mhandisi iliishia hapo, na ilifanyika kikamilifu. Divisheni ya askari Weusi ilikuwa imeandaliwa kutangulia shambulio. Siku moja kabla, Meade aliibadilisha, Grant akikubali, na nafasi ikapewa divisheni ambayo haikuandaliwa, chini ya jenerali aliyekaa nyuma handakini akinywa pombe. Askari waliingia ndani ya shimo badala ya kulizunguka, wakakwama. Askari Weusi walipelekwa baadaye, mambo yakiwa yameshaharibika, na wengi wao waliuawa baada ya kujisalimisha. Kaskazini ilipoteza watu 3,800 hivi.

Nije kwenye ile mikono niliyoitaja mwanzo. Kusini nzima mahandaki mengi yalichimbwa na watumwa. Usiku wa 23 Mei 1861 wanaume watatu, Baker, Mallory na Townsend, waliokuwa wamepelekwa kujenga kituo cha mizinga cha Wakusini pale Sewell's Point, Virginia, walipanda mashua na kuvuka hadi ngome ya Monroe, iliyokuwa mikononi mwa Kaskazini. Ofisa wa Kusini akatumwa kuwadai kwa sheria ya watumwa waliotoroka. Jenerali Butler, mwanasheria kwa kazi yake, akajibu kwamba Virginia imejitangaza nchi nyingine, basi sheria ya Marekani haiihusu. Na hawa, kwa kuwa walikuwa wakijenga ngome dhidi yake, ni mali ya adui inayotumika vitani, anaishikilia. Mwezi Agosti Bunge lilitunga sheria iliyoufuata msimamo huo. Zingatia mantiki yake: mtu alipata kinga kwa sababu alikuwa ametumikishwa katika kazi za uhandisi wa vita. Maelfu waliwafuata hao watatu, wakajenga reli, barabara na ngome za Kaskazini. Mei 1864 meli za kivita za Kaskazini zilipokwama kwenye mto Red, Louisiana, maji yakipungua, mkata magogo wa Wisconsin aitwaye Joseph Bailey alipendekeza bwawa la kupandisha maji. Wahandisi wenye vyeti walimcheka. Wakata miti wa Maine na askari wahandisi Weusi wakalijenga, na meli kumi zikaokoka.

Upande wa Kusini kila beleshi lilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1863 ilibidi Bunge lao litunge sheria ya kuchukua watumwa kwa lazima kwa ajili ya ngome, na matajiri waliokuwa wakiwapeleka wana wao vitani wakagoma kutoa watumwa, wakilalamika kwamba wanarudishwa wagonjwa au hawarudi kabisa. Na waliochimba hawakuwa na uchaguzi. Pale Vicksburg, mlipuko wa pili wa 1 Julai uliwafukia watumwa waliolazimishwa kuchimba njia ya kujihami. Mmoja, Abraham, alirushwa hadi upande wa Kaskazini, akaishi, akafanya kazi makao makuu ya Jenerali Logan akiwa mtu huru.

Ramani nitaigusa kwa ufupi. Kusini ilimpata Jedediah Hotchkiss, mwalimu wa shule aliyemchorea Jenerali Jackson bonde la Shenandoah, na ramani zake zilikuwa nusu ya ujanja wa Jackson. Lakini mwaka 1862, katika mapigano ya kando ya mji mkuu wao Richmond, majenerali wa Kusini walipotea njia kila siku. Mmoja wao, Richard Taylor, aliandika kwamba walilijua eneo lile kama walivyoijua Afrika ya Kati. Misafara ya pwani iliyokuwa ikienda Ujiji miaka hiyohiyo ingemcheka. Maputo ya angani ya Lowe, yaliyotumiwa na Kaskazini kumtazama adui kutoka juu na yanayopendwa sana na wasimulizi, yalileta habari kidogo na gharama nyingi.

Na Lee? Alitumia alichokijua. Juni 1862 askari wake walimkejeli kuwa Mfalme wa Mabeleshi kwa vile aliwachimbisha kuzunguka Richmond. Miaka miwili baadaye walichimba bila kuambiwa. Mahandaki ya Petersburg yalimzuia Grant zaidi ya miezi tisa. Ila handaki linahitaji mtu ndani yake, na Grant alizidi kulirefusha hadi Lee akabaki na askari wachache mno kwa kilomita nyingi mno. Tarehe 2 Aprili 1865 lilivunjika, jeshi lake likakimbilia magharibi likiwa na njaa. Matumaini yalikuwa kuvuka mto Appomattox, kuchoma madaraja na kupata nafasi ya kula. Karibu na Farmville kulikuwa na daraja refu la reli, kimo chake zaidi ya futi 120, na chini yake daraja dogo la mikokoteni. Wahandisi wake walikuwepo na kuni tayari, lakini amri ya kuwasha ilichelewa kuwafikia. Asubuhi ya 7 Aprili daraja la juu lilishika moto. La chini lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuungua askari wa Maine walipofika na kuuzima kwa maji ya mtoni. Waliovuka hapo ni kikosi cha Andrew Humphreys, ambaye kabla ya vita alikuwa mpima ardhi wa jeshi aliyeuchunguza mto Mississippi kwa miaka, na ambaye mwaka 1866 alifanywa mkuu wa Kikosi cha Wahandisi. Alimkuta Lee akigawa chakula Farmville, akamlazimisha kuondoka kabla wengi hawajala. Lee alijisalimisha siku mbili baadaye.